Barua Iliyosomwa kwa Sauti

Jumatatu ya tarehe 2 Julai 1894, Rais Grover Cleveland wa Marekani aliandika barua kuhusu ushuru wa forodha. Siku hizo alikuwa na mambo ya moto zaidi kuliko ushuru. Mgomo wa wafanyakazi wa reli ulikuwa umekwamisha treni za magharibi ya nchi, na kesho yake angeamuru askari waende Chicago. Lakini barua ya siku ile ilihusu sufu, makaa ya mawe, madini ya chuma na sukari. Aliyeandikiwa alikuwa William Wilson, mbunge wa West Virginia na mwenyekiti wa kamati inayotunga sheria za kodi katika Baraza la Wawakilishi. Ilikuwa barua ya binafsi.

Siku kumi na saba baadaye Wilson aliisoma kwa sauti mbele ya Baraza zima, kwa ruhusa ya aliyeiandika.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya rais mwenye msimamo aliyesalitiwa na watu wa chama chake. Usaliti ulikuwepo, sikatai. Ila nikiisoma barua ile pamoja na nyingine aliyoiandika wiki nane baadaye, naona jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka: kamba aliyoisokota Cleveland ili awafunge maseneta ilimfunga yeye mwenyewe, mikono yote miwili.

Tuanze na sheria, maana bila sheria barua haina ladha.

Serikali ya Marekani wakati ule haikutoza kodi ya mapato. Iliishi kwa ushuru wa forodha, na pembeni kodi ya pombe na tumbaku. Ushuru wa forodha ulibebeshwa kazi mbili ambazo hazipatani sana: kujaza hazina, na kuvilinda viwanda vya nyumbani dhidi ya bidhaa za Ulaya. Ukitaka hazina ijae, unataka meli ziingie. Ukitaka kiwanda kilindwe, unataka meli zirudi zilikotoka. Warepublikani, chama cha viwanda vya kaskazini, walipenda kazi ya pili. Wademokrati, waliotegemea wakulima wa kusini waliouza pamba nje na kununua kila kitu kwa bei iliyopandishwa, walishikilia kwamba ushuru uwe wa mapato tu.

Cleveland alikuwa Mdemokrati, na katika jambo hili alikuwa kama muumini. Desemba 1887, katika muhula wake wa kwanza, alitumia ujumbe wake wote wa mwaka kwa Bunge kuzungumzia ushuru peke yake. Marais waliomtangulia waligusa katika ujumbe kama huo kila kitu, kuanzia posta hadi uhusiano na mataifa. Yeye aliviacha vyote. Washauri walimwonya kwamba uchaguzi uko mlangoni. Mwaka 1888 akapata kura nyingi za wananchi kuliko mpinzani wake Benjamin Harrison, lakini akashindwa katika kura za wajumbe wa majimbo, akaondoka Ikulu. Warepublikani walioingia wakapitisha sheria ya 1890, inayojulikana kwa jina la William McKinley, iliyoupandisha ushuru hadi karibu nusu ya thamani ya bidhaa zilizotozwa. Bei zikapanda madukani, wapiga kura wakakasirika, na mwaka 1892 Cleveland akarudi, rais wa kwanza wa Marekani kutoka na kurejea. Alirudi akiamini kwamba wananchi wamemtuma kufanya jambo moja.

Akakuta nyumba inaungua. Mwaka 1893 mabenki yalianguka, makampuni ya reli yakafilisika, na dhahabu ya hazina ikapungua kuliko kiwango kilichoonwa kuwa cha usalama. Cleveland alitumia nguvu zake za mwanzo kupigania kufutwa kwa sheria ya ununuzi wa fedha, ile ya madini, na akashinda mwanzoni mwa Novemba. Ushindi huo ulimgharimu. Wademokrati wa kusini na magharibi waliotaka sarafu ya fedha walimnunia, na alipofika kwenye ushuru, jambo lenyewe la moyoni, mkoba wake wa hisani ulikuwa mtupu.

Hapo katikati kuna siri nyingine inayotuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Tarehe 1 Julai 1893, mwaka mmoja na siku moja kabla ya kuzaliwa kwa barua yetu, madaktari walimfanyia upasuaji wa uvimbe mdomoni, ndani ya boti ya kifahari ya rafiki yake, maji ya New York yakiwa ndiyo pazia. Taifa liliambiwa rais yuko mapumzikoni. Gazeti moja la Philadelphia lilipofichua habari hiyo mwezi wa Agosti, wasaidizi wake walikanusha, na mwandishi akaonekana mwongo kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mmoja wa madaktari alipoeleza yote mwaka 1917. Cleveland, basi, alijua kuficha. Barua ya Wilson haikumponyoka kwa bahati mbaya.

Muswada wa Wilson ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 1 Februari 1894 kwa kura 204 dhidi ya 140. Wabunge wenzake, kijana William Jennings Bryan akiwa mmojawapo, walimbeba mabegani wakizunguka naye ukumbini. Roho ya muswada ule ilikuwa malighafi. Sufu, makaa ya mawe, madini ya chuma, mbao na sukari viingie bila ushuru. Hoja yake bado inasomwa katika vyuo vyetu: ukitoza ushuru malighafi, umemtoza mwenye kiwanda kabla hajaanza kazi, naye atamrudishia mnunuzi gharama hiyo pamoja na faida juu yake. Atakayefungua leo jedwali la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ataikuta hoja hiyo hiyo imekaa kitako: malighafi asilimia sifuri, bidhaa za kati kumi, bidhaa kamili ishirini na tano na kuendelea. Na ataikuta sukari imewekwa pembeni, katika orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia mia. Sukari haijawahi kutii nadharia ya mtu.

Ili kuziba pengo la mapato, muswada uliweka pia kodi ya asilimia mbili kwa mapato yanayozidi dola 4,000 kwa mwaka. Ni watu wachache sana waliofikia kiwango hicho, na wachache hao walikuwa na sauti kubwa.

Kisha muswada ukaingia Seneti.

Wademokrati walikuwa na wingi Seneti, lakini wingi mwembamba kiasi kwamba maseneta watano au sita wakiamua kuuzamisha muswada, unazama. Na kila mmoja alijua uzito wa kura yake. Arthur Gorman wa Maryland, fundi mkuu wa hesabu za kura katika chama, alikuwa na makaa ya mawe kwao. Maseneta wa Alabama walikuwa na madini ya chuma. Johnson Camden wa West Virginia, jimbo la Wilson mwenyewe, alikuwa tajiri mwenye mtaji katika makaa na reli. Wale wa Louisiana walikuwa na mashamba ya miwa, na wakulima wao walikuwa wakipokea ruzuku ya senti mbili kwa kila ratili chini ya sheria ya McKinley; ruzuku ikifutwa na sukari ya nje ikaingia bure, wamekwisha. David Hill wa New York aliichukia kodi ya mapato kuliko alivyoipenda sera ya chama chake. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kununuliwa kwa bahasha. Ilitosha kumkumbusha nyumbani kwao ni wapi.

Bahasha hazikukosekana, hata hivyo. Kampuni kubwa ya kusafisha sukari iliyoongozwa na Henry Havemeyer ilikuwa imejikusanyia karibu usafishaji wote wa sukari nchini. Seneti ilipounda kamati ya uchunguzi kwa kelele za magazeti, Havemeyer alikiri bila aibu kwamba kampuni huchangia chama chochote kinachotawala jimbo husika. Seneta Matthew Quay wa Pennsylvania alikiri kwamba alinunua na kuuza hisa za sukari wakati ushuru wa sukari ukiwa mbele yake, na akasema ataendelea kufanya hivyo akipenda. Seneta mmoja wa New Jersey alijieleza kwamba aliandika telegramu ya kuagiza hisa, akabadili nia, akaiacha mezani. Mtumishi wa nyumbani akaiona, akaituma. Nimesoma utetezi mwingi wa viongozi katika kesi za mgongano wa maslahi. Huu wa mtumishi mchapakazi bado haujapata mpinzani.

Kutoka Seneti muswada ulitoka na marekebisho zaidi ya 600. Makaa ya mawe na madini ya chuma vilirudishiwa ushuru wa senti arobaini kwa tani. Sukari ghafi ilipewa asilimia 40 ya thamani, na sukari iliyosafishwa ikaongezewa sehemu ya nane ya senti kwa ratili, nyongeza ndogo kwa macho lakini iliyojaa ndoo kwa ndoo katika hesabu za Havemeyer. Sufu ilibaki huru, na mbao. Kura zilikuwa 39 dhidi ya 34, tarehe 3 Julai.

Angalia tarehe. Cleveland aliandika siku moja kabla ya kura hiyo. Alikwisha kujua kwamba mabaraza mawili yatapeleka wajumbe kwenye kamati ya mapatano, na alitaka Wilson aingie humo akiwa na silaha.

Barua yenyewe si ndefu, na lugha yake ni ya Cleveland hasa: nzito, yenye sentensi za kupanda ngazi, isiyo na tabasamu. Anamwambia Wilson kwamba muswada wa Seneti uko mbali mno na kile walichokihangaikia. Anauliza watawatazamaje wananchi usoni baada ya kuiacha ahadi ya malighafi huru. Halafu anaweka maneno mawili yaliyoifanya barua ikumbukwe: kuiacha njia yao, anasema, ni hiana ya chama na ni fedheha ya chama.

Hiana na fedheha. Ukimwandikia rafiki anayekubaliana nawe, maneno hayo ni kutua mzigo. Yakisomwa hadharani na kuwafikia maseneta 39 waliopiga kura ya ndiyo, kila mmoja atajitazama kifuani kuona kama ametajwa.

Na kuna kifungu ambacho wapenzi wa Cleveland hukiruka. Kuhusu sukari, rais alilegeza. Alimweleza Wilson kwamba chuki dhidi ya muungano wa wenye viwanda vya sukari isiwafanye wakatae kuitoza sukari ushuru, kwa kuwa sukari ni chanzo halali cha mapato. Kwa nadharia ya ushuru alikuwa sahihi. Sukari iliyotoka nje ilikuwa nyingi na rahisi kutozwa. Kwa siasa ya mwezi ule alikuwa amekata tawi alilokalia. Makaa ya Gorman ni hiana, ila sukari ya Louisiana na ya Havemeyer ni mapato? Maseneta wa makaa waliisoma barua hiyo kama sisi tunavyoisoma hukumu ya hakimu anayemsamehe mwizi wa ng'ombe na kumfunga mwizi wa kuku.

Gorman alijibu tarehe 23 Julai, na jibu lake ni somo la namna ya kumshinda rais bila kumpigia kelele. Alisema maseneta wamevumilia hadi mwisho wa uvumilivu. Kisha akafanya jambo ambalo Cleveland hakulitarajia: akaita mashahidi. Mmoja baada ya mwingine, palepale katika Seneti, Vest wa Missouri, Jones wa Arkansas na Harris wa Tennessee, watu wasiokuwa na makaa wala sukari ya kulinda, waliulizwa kama rais alijua marekebisho yale kabla hayajapita. Walijibu kwamba alijua. Walikuwa wamezungumza naye, na zaidi walikuwa wamezungumza na Waziri wake wa Fedha, John Carlisle, nao walitoka katika mazungumzo hayo wakiamini kwamba marekebisho, pamoja na ubaya wake, yamekubalika kwa kuwa bila hayo hakuna sheria.

Je, rais alidanganya? Sidhani. Watetezi wake walisema aliyakubali marekebisho kama daraja la kuufikisha muswada kwenye kamati ya mapatano, ambako mapambano halisi yangeanza. Maseneta walielewa kwamba daraja ndilo safari nzima. Mazungumzo ya mdomo yana nafasi ya kutosha kwa watu wawili kuondoka na maana mbili, na ndiyo faida yake katika siasa. Barua haina nafasi hiyo. Cleveland aliwaachia wengine kujadiliana, kwa kuwa hakupenda mikataba ya sebuleni na maseneta aliowadharau, halafu akashika kalamu na kuandika kama hakimu ambaye hakuwahi kuwepo sebuleni. Mdomo wake, kupitia Carlisle, ulisema "endeleeni". Kalamu ikasema "fedheha". Gorman alichofanya ni kuviweka viwili hivyo mezani kimoja kando ya kingine.

Wasomi wengine hudai kwamba barua ndiyo iliyoua muswada wa Wilson. Sikubaliani nao. Hesabu ya kura ilikwisha kuuua tangu Februari. Hakuna barua, tamu wala chungu, ambayo ingemshawishi seneta wa Alabama aache madini ya Alabama. Kilichouawa na barua ni kitu kingine, nacho ni mlango wa rais wa kutokea. Kabla ya 19 Julai angeweza kuitia sahihi sheria ya Seneti, akatabasamu kwa taabu, akasema hii ni hatua ya kwanza. Marais hufanya hivyo kila mwaka. Baada ya 19 Julai, kila nukta ya wino katika sahihi yake ingekuwa ushahidi kwamba ameshiriki kile alichokiita hiana.

Baraza la Wawakilishi lilinyoosha mikono tarehe 13 Agosti, likaupitisha muswada wa Seneti bila kubadili herufi, kura 182 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo, kwa kujipoza, likapitisha miswada midogo ya kufuta ushuru wa sukari, makaa, madini ya chuma na seng'enge. Wapinzani waliibeza kwa kuiita bunduki za kuchezea watoto. Seneti iliiacha ife.

Sasa mpira ulikuwa kwa Cleveland, na Katiba ya Marekani inampa rais njia tatu. Atie sahihi. Apige kura ya turufu. Au akae kimya siku kumi, Jumapili zisihesabiwe, na kama Bunge bado linakaa, muswada unakuwa sheria wenyewe. Turufu ingeiacha sheria ya McKinley iendelee, zao la ushuru mkubwa aliopigana nao karibu miaka saba. Sahihi ilikwisha kuzuiwa na barua yake mwenyewe. Akafunika kombe mwanaharamu apite. Siku kumi zikaisha, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti sheria ya ushuru ya 1894 ikazaliwa bila jina la rais chini yake.

Tarehe 27 aliandika barua ya pili, kwa Thomas Catchings, mbunge wa Mississippi, na hii aliiandika akijua itasomwa na kila mtu. Ndani yake anakiri kwamba sheria mpya ni nafuu kubwa kuliko ya zamani. Anakiri pia kwamba kuna mambo ndani yake yasiyolingana na mageuzi ya kweli ya ushuru. Anasema sare ya mageuzi ya Kidemokrati imeibwa na kuvaliwa katika utumishi wa sera ya Kirepublikani. Ni barua nzuri kuliko ile ya kwanza, na ilichelewa miezi miwili. Hoja yake kuhusu malighafi, iliyopangwa kwa utulivu na bila kumtaja mtu kwa fedheha, ndiyo iliyopaswa kusomwa Julai.

Nitatoka njiani kidogo, maana neno hili linanikaa rohoni. Watu wa pwani yetu waliijua Marekani kwa kitambaa kabla ya kuijua kwa siasa. Merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, ilivaliwa bara na pwani, na ilifika Zanzibar kwa meli za bandari ya Salem, Marekani. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia sahihi mkataba na mjumbe wa Marekani uliozitoza meli hizo asilimia tano ya mizigo inayoshushwa, basi. Miaka sitini baadaye wana wa wafanyabiashara wale walikuwa wanatoana macho Washington juu ya ushuru wa asilimia arobaini na hamsini. Walioshuka bandarini kwetu wakisifu biashara huru, kwao waliihubiri kwa sauti ya chini.

Matokeo? Wastani wa ushuru ulishuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 40. Si bure, ila si kile kilichoahidiwa. Ushuru wa sukari uliofufuliwa uliiangukia Cuba, iliyoiuzia Marekani sehemu kubwa ya mavuno yake, na Februari 1895 vita vya uhuru vikaanza huko, njaa ya mashambani ikiwa mojawapo ya kuni zake. Kodi ya mapato ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 1895, majaji watano dhidi ya wanne, ikabidi Katiba irekebishwe mwaka 1913 ili irudi. Novemba 1894 Wademokrati walipoteza viti zaidi ya mia moja katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1897 Warepublikani, wakiongozwa sasa na Rais McKinley mwenyewe, waliuzika ushuru wa 1894 kwa sheria mpya iliyoupandisha tena.

Wilson alikuwa miongoni mwa waliopoteza viti. Watu wa West Virginia hawakumsamehe yale makaa ya bure. Cleveland, ambaye hakuwasahau marafiki, alimteua mwaka 1895 kuwa Waziri wa Posta. Akiwa katika wizara hiyo, mtu aliyeisoma barua ya rais kwa sauti alianzisha huduma ya kuwapelekea wakulima barua hadi nyumbani kwao bila malipo ya ziada, na njia za kwanza zilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1896 katika wilaya yake ya nyumbani, palepale West Virginia.